Kitufe cha Kupokezana Zamu

Pale hospitalini jina lake halisi lilijulikana na watu wawili tu: karani wa utumishi aliyetunza faili lake, na yeye mwenyewe. Wengine wote walimwita Bi Kitufe, kwa sababu kila aliyekwenda kumlalamikia kuhusu kompyuta alijibiwa kwa swali moja: "Umebonyeza kitufe gani?" Aliliuliza bila kuinua macho, awe anamuuliza daktari bingwa au mfagizi wa wodi. Mwanzoni jina lilikuwa la kumsema pembeni tu. Baadaye likazoeleka hadi mtu mmoja mtundu akaliandika kwenye karatasi na kulibandika mlangoni kwake, naye hakulibandua.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kati ya chumba cha kuchemshia vifaa vya upasuaji na kabati la mifagio. Ukuta mmoja ulikuwa na joto mwaka mzima, kwa hiyo meza yake ilikaa katikati ya chumba, mbali na kila kitu, kama meza ya mtahiniwa. Kiti kilikuwa kimoja, chake. Juu ya meza kulikuwa na kikombe chake chenye mfuniko, kijiko chake, mkasi wake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi ule haukuwa wa kuzuia wezi. Ulikuwa wa kuwazuia watu wasiseme "naomba niazime," maana akimwazima mtu leo, kesho naye angejikuta anaazima.

Si kwamba alizaliwa hivyo. Mumewe alipofariki, watoto wakiwa wadogo, shemeji zake walimsaidia: unga, sare za shule, mabati ya kuezekea jiko. Walimsaidia kweli, na kila walichotoa walikitangaza. Kila palipokuwa na watu, alisimama mmoja wao akakumbusha ni nani aliyeezeka jiko la mjane. Siku moja Bi Kitufe aliyang'oa yale mabati kwa mikono yake, akayapanga mlangoni kwa shemeji mkubwa, akarudi kupikia juani. Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba hapewi kitu na mtu. Dada yake mkubwa, ambaye siku hizi waliishi naye nyumba moja, alimtania kwamba hata akipiga chafya hataki mtu amtakie afya.

Aliingia hospitalini kama karani wa masjala, kazi ya kutafuta kadi za wagonjwa kwenye makabati ya chuma. Kompyuta zilipokuja, makarani wanne walipelekwa kujifunza. Watatu walirudi kwenye kadi zao, yeye akanogewa. Kitabu cha kufundishia kutengeneza programu alikisoma maktaba, na kwa kuwa hakutaka kukiazima, alikinakili chote kwa mkono kwenye madaftari saba. Madaftari yale bado yalikuwa kabatini kwake, yamefungwa kwa mpira, na ole wake aliyeyagusa.

Mfumo wa hospitali, ule ulioonyesha nani anaruhusiwa kuingia, nani ana ruhusa ya kufanya nini na nani ametoa dawa gani, aliujenga peke yake, ukurasa baada ya ukurasa. Ulikuwa na kurasa kumi na moja, na tabia yake ilikuwa imejaa humo. Kila ukurasa ulijitengenezea kila kitu chake. Ukurasa ukihitaji kujua mtumiaji ni nani, ulijiundia mtunzaji wake wa watumiaji, yaani kipande cha programu kinachoshika jina la aliyeingia pamoja na ruhusa zake. Ukurasa wa jirani nao ulijiundia wa kwake. Kurasa kumi na moja, watunzaji kumi na mmoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake habari. Bi Kitufe aliona fahari. Ukurasa mmoja ukiharibika, alisema, mwingine haupati hata mafua.

Mkuu wa kitengo chao cha kompyuta, mwanamume mtaratibu aliyening'iniza miwani yake shingoni kwa kamba, alirudi kutoka masomoni miaka miwili nyuma akiwa na neno la kumwambia. Alimweleza kwamba ukurasa haupaswi kujitengenezea vifaa vyake. Useme tu, juu kabisa, unahitaji nini, kisha mfumo wenyewe uupatie kutoka mahali pamoja. Hivyo kurasa zote zitakuwa zimeshika kitu kimoja, na kikibadilika, kimebadilika kwa wote. Wenye fani wana jina lao refu la kigeni kwa jambo hilo. Mkuu, ambaye alipenda mambo yaeleweke, aliliita kupokezwa. Bi Kitufe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba kurasa zake hazijazoea kupewa. Mkuu akacheka, na kwa kuwa mfumo ulikuwa unafanya kazi, hakumsumbua tena.

Sasa, stoo ya dawa. Mtunza stoo wa zamu ya asubuhi aliitwa Shangazi na hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa geti. Alikuwa karibu kustaafu. Kompyuta ya stoo nayo ilikuwa imezeeka kuliko yeye, na saa nane mchana, wakati wa kupokezana zamu, kuifunga na kuifungua upya kulichukua muda mrefu kiasi kwamba wauguzi walijazana dirishani na kuanza kugonga kaunta kwa kalamu zao. Shangazi ndiye aliyekwenda kuomba msaada. Bi Kitufe akawatengenezea kitufe kidogo pembeni juu ya skrini: anayeingia zamu anakibonyeza, anaandika jina lake na nenosiri lake, na jina la juu linabadilika papo hapo huku fomu ya kutolea dawa ikibaki wazi pale ilipoachwa. Foleni ikaisha. Shangazi, ambaye alipenda kufuma, akamfumia kitambaa cha kufunikia kikombe. Bi Kitufe akamshukuru, akamwambia kikombe chake kina mfuniko.

Miezi mitatu baadaye ikazuka habari ya chupa za dawa ya homa ya watoto. Bechi moja, yaani chupa za mkupuo mmoja wa kiwandani, ilikuwa imezuiwa kwa sababu vifuniko vyake vilivuja. Tangazo lilibandikwa stoo, na Shangazi akatia sahihi kwamba amelisoma. Siku nne hazijapita, maboksi mawili ya bechi ile ile yakatoka stoo kwenda wodi ya watoto. Bahati nzuri muuguzi mmoja aliona unyevu kwenye boksi, akayarudisha yote kabla mtoto yeyote hajapewa. Hakuna aliyedhurika. Lakini mfumo ulipoulizwa nani aliyatoa, ulijibu bila kigugumizi: Shangazi, saa kumi na dakika kumi alasiri.

Saa kumi zamu yake ilikuwa imekwisha zamani, na hilo lingeweza kumwokoa, ila kila mtu alijua kwamba Shangazi haondoki saa nane. Gari la wafanyakazi la kwenda upande wa kwao liliondoka saa kumi na moja, naye alizoea kulisubiri kwenye kigoda nyuma ya rafu za dripu, akifuma, na foleni ikiwa ndefu aliinuka kumsaidia mwenzake. Huyo mwenzake wa zamu ya mchana, mwanamume mpole ambaye alikuwa likizo tangazo lilipobandikwa, aliulizwa kama anakumbuka lolote. Akasema hakumbuki, anatoa maboksi chungu nzima kila siku, na kama mfumo umesema ni Shangazi basi itakuwa ni Shangazi. Kamati ya nidhamu ikapangiwa Alhamisi. Kwa jambo linalohusu dawa za watoto, watu walijua kamati ile haitainuka mpaka unga wa mtu umwagike.

Bi Kitufe aliagizwa achapishe ushahidi. Akachapisha karatasi tatu, akazibana kwa pini, akazipeleka mwenyewe utawala. Katibu wa kamati akamuuliza, kutimiza wajibu tu, kama mfumo unaweza kukosea jina.

"Mfumo hauna ndugu," akajibu.

Katibu alilipenda jibu hilo, akaliandika.

Jumatatu asubuhi Shangazi akaja chumbani kwake. Akasimama, maana pa kukaa hapakuwepo. Bi Kitufe alimwamkia kwa heshima yake yote, lakini kiti hakumpisha, na baadaye hilo nalo lilimsuta.

"Mdogo wangu, sikuja kukuomba unifichie," Shangazi alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Hii mashine yako inaweza kuandika jina la mtu ambaye hakufanya?"

"Haiwezi, Shangazi. Inaandika aliyeingia."

Shangazi akautazama ule ukuta wenye joto. "Basi nimezeeka vibaya. Wiki mbili nawaza, siyaoni yale maboksi mkononi mwangu. Lakini kama wewe unasema haiwezi, nami naanza kuamini nilitoa mimi."

Bi Kitufe akasema alichozoea. Akamuuliza siku ile alibonyeza kitufe gani.

"Sikubonyeza chochote. Zamu yangu ilikuwa imekwisha. Mwenzangu ndiye aliyebonyeza kile ulichotutengenezea."

Akaaga, akatoka, akaufunga mlango polepole kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Bi Kitufe akarudi kwenye kazi yake. Alijaribu kusoma mstari mmoja wa programu mara nne, na mara zote nne ukagoma kuingia kichwani. Kile ulichotutengenezea. Hakuwahi kukaa akakitazama kitufe kile kikifanya kazi stoo kwenyewe. Alikijaribu kwenye meza yake, asubuhi, peke yake, akiwa yeye ndiye zamu zote mbili. Na kila mara alipobadilisha jina aliifungua fomu upya, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa nyepesi na hakuona sababu ya kuiacha wazi.

Saa nane kasorobo alikuwa stoo, amesimama kando ya mizani. Shangazi alimaliza kuhesabu na mwenzake, akachukua mkoba wake na kwenda zake. Tangu habari ile ianze hakukaa tena kwenye kigoda, alikwenda kusubiri gari getini, juani, mahali ambapo kila mtu angemwona kwamba hayupo stoo. Bwana wa zamu ya mchana akabonyeza kitufe, akaandika jina na nenosiri. Juu ya skrini jina likabadilika, zuri kabisa, likawa lake. Fomu ya kutolea dawa ilikuwa wazi tangu asubuhi. Muuguzi wa upasuaji akaomba boksi moja la glovu, bwana yule akaandika, akabonyeza, akampa.

Bi Kitufe akamwomba afungue orodha ya vilivyotoka siku ile. Mstari wa juu kabisa ulisema: glovu, boksi moja, wodi ya upasuaji, saa nane na dakika kumi na mbili. Mtoaji alikuwa Shangazi. Na Shangazi wakati huo alikuwa getini, wanamwona kupitia dirisha, amejifunika mtandio kichwani kujikinga na jua.

Bwana wa zamu ya mchana aliusoma mstari ule mara mbili. Uso ukamshuka.

"Basi yale maboksi niliyatoa mimi," alisema. "Wala sikujua kama yamezuiwa."

Hakuwa mwongo. Hata yeye aliiamini mashine kuliko kumbukumbu yake, kama Shangazi alivyoanza kuiamini. Bi Kitufe alihisi aibu, ile ya kweli. Hakuhitaji kurudi chumbani kusoma programu ili ajue kilichotokea. Utepe wa juu ya skrini, ule wenye jina, ulikuwa na mtunzaji wake wa watumiaji, na kitufe kilimwambia huyo kwamba zamu imebadilika. Fomu ya kutolea dawa ilikuwa na mtunzaji wake mwingine, aliyelishika jina tangu fomu ilipofunguliwa asubuhi, na huyo hakuna aliyemwambia kitu. Fomu ikawa inapeleka jina lile lile kwenye kumbukumbu mpaka mtu atakapoifunga. Miezi minne sasa. Kurasa zake hazikuulizana habari, kama alivyozifundisha.

Jumanne asubuhi alimweleza Mkuu. Mkuu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Hakusema "nilikuambia," na Bi Kitufe alitamani angesema, wangegombana kidogo na moyo ukapoa. Badala yake alimwambia arekebishe kwanza, kimyakimya, na habari ya kamati waiache kamati. Akisimama Alhamisi na kutamka kwamba mfumo unaandika majina yasiyo ya wenyewe, wataulizwa kuhusu kila kidonge kilichotoka stoo kwa miezi minne, na kitengo chao chote kitakuwa kimekalia kuti kavu. Shangazi amebakiza miezi mitano tu. Watampa onyo, yataisha.

"Na wakimfukuza, Bosi?"

Mkuu akajifanya anapanga karatasi mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na matumbo joto, na mtu mwenye matumbo joto huona mlango mmoja tu. Bi Kitufe akamwambia kurekebisha atarekebisha, na la pili atalifikiria.

Jioni, kabla jua halijazama, alimsimulia dada yake huku wanachambua mboga kibarazani. Alimweleza yote, hata habari ya kiti. Kilichomsumbua hakikuwa onyo, wala kazi. Alikuwa akiiona picha yake mwenyewe amesimama mbele ya wazee saba wa kamati na mbele ya Shangazi, anasubiri asamehewe. Msamaha nao ni kitu cha kupewa, na yeye alikuwa amekwisha kula kiapo.

"Sasa wewe nani kakuambia unakwenda kuomba?" dada yake akamuuliza. "Unakwenda kusema kilichotokea. Wakikupa kitu, wakikunyima, hiyo ni shughuli yao. Na hayo majani ya njano unatia sufuriani kwa nini?"

Jumatano alijifunga kibwebwe. Akaufungua ukurasa wa kwanza na kuufuta ule mstari ambao ukurasa ulijiundia mtunzaji wake. Mahali pake, juu kabisa, akaandika jambo moja tu: kwamba ukurasa huu unahitaji mtunzaji wa watumiaji, upewe. Kisha kwenye mlango mkuu wa mfumo, pale unapoanzia, akamweka mtunzaji mmoja wa wote. Ukurasa wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne aligundua kwamba kurasa zinapungua urefu, kama nguo iliyofumuliwa mikunjo isiyokuwa na kazi. Kuna mahali alikuwa ameandika kitu kimoja mara kumi na moja, na mara moja kati ya hizo alikikosea, na hakuwahi kujua.

Jambo jingine lilimshangaza. Zamani akitaka kuujaribu ukurasa, ilimbidi aingie kwa jina la mtu halisi na kuacha alama zake kwenye kumbukumbu. Sasa, kwa kuwa ukurasa ulipokea kile ulichopewa bila kuuliza kimetoka wapi, aliweza kuupa mtunzaji wa bandia mwenye majina ya kubuni. Akaipa fomu ya kutolea dawa mtumiaji aliyeitwa Bandia wa Asubuhi. Fomu ikiwa wazi vile vile, akambadilisha akamweka Bandia wa Mchana, kisha akatoa boksi la hewa. Mtoaji: Bandia wa Mchana. Akarudia mara ishirini, akibadilisha huku na huku, akijaribu kuichanganya, ikakataa kuchanganyikiwa. Akacheka peke yake, kisha akajichukia kwa kucheka. Miaka miwili alikuwa ameambiwa. Mfumo wa zamani hakuufuta, aliuhifadhi kwenye kompyuta ndogo ya kubebea, pamoja na orodha ya majaribio isiyogusa stoo, kwa ajili ya kesho.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na saa ya ukutani iliyokuwa nyuma kwa dakika sita. Wanakamati walikuwa saba. Shangazi alikaa peke yake upande wa dirisha, amevaa gauni lake la kutokea, mkoba mapajani. Bwana wa zamu ya mchana naye alikuja bila kuitwa, akakaa karibu na mlango ameshika barua aliyoiandika. Mkuu wa kitengo alikuwa pembeni, anaangalia viatu vyake. Katibu akasoma zile karatasi tatu, kisha akageuka kwa Bi Kitufe athibitishe kwamba ni zake.

Alisema ni zake. Halafu akaomba dakika kumi, akaiweka kompyuta mezani na kumwomba mwenyekiti aingie kwa jina lake mwenyewe na kuifungua fomu. Mwenyekiti, kwa kidole kimoja, akaingia. Akamwomba katibu abonyeze kitufe cha kupokezana zamu na kuandika jina lake. Juu ya skrini jina la katibu likatokea, wote wakaliona. Katibu akatoa boksi moja la bandeji. Bi Kitufe akafungua orodha, akaigeuza skrini kuelekea kwa mwenyekiti.

"Jina langu hili," mwenyekiti alisema. "Lakini mimi sijagusa."

"Na Shangazi hakugusa," alisema Bi Kitufe.

Katibu akafunua kurasa zake nyuma, akamkumbusha kwamba wiki iliyopita alisema mfumo hauna ndugu.

"Nilisema. Hauna ndugu, ila una mtu aliyeutengeneza, na ni mimi. Niliambiwa namna bora ya kuufanya, nikakataa kwa sababu zangu. Kosa hili ni langu, na lina miezi minne."

Bwana wa zamu ya mchana akainuka, akasema yale maboksi aliyatoa yeye, na barua yake ni hii. Mkuu akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyepaswa kusisitiza na hakusisitiza. Bi Kitufe aliwasikia kwa mbali. Alikuwa anamtazama Shangazi, kwa sababu Shangazi alikuwa anamtazama yeye.

"Jumatatu nilikuuliza," Shangazi alisema.

"Uliniuliza, Shangazi. Nikakujibu kabla sijaangalia."

Shangazi akaufungua mkoba wake, akaufunga tena bila kutoa kitu. Bi Kitufe akailazimisha shingo yake isigeuke.

Shangazi alisafishwa siku ile ile, kwa maandishi. Bwana wa zamu ya mchana akakaripiwa, na ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo tangazo lolote la dawa lisomwe kwa sauti wakati wa kupokezana zamu, ukutani pekee hapatoshi. Bi Kitufe alipata onyo la maandishi, la kwanza katika faili lake, na akapewa kazi: miezi minne ya kumbukumbu ichapishwe, kila mstari wa baada ya saa nane ukaguliwe na watunza stoo wote wawili kwa kulinganisha na hati za maombi za wodi, na pembeni ya kila mstari mwenye nao atie sahihi kwa kalamu, na Bi Kitufe atie yake chini kama shahidi.

Shangazi alikuja Jumatatu iliyofuata, saa nane na nusu. Alikuta chumba kina viti vitatu. Bi Kitufe alikuwa amevibeba viwili kutoka masjala, na kile chenye mto alikiweka mbali na ukuta wa joto. Shangazi akakitazama, akakaa. Kwa siku mbili hakumwambia lolote lisilokuwa tarehe, saa au jina la wodi. Dripu, boksi tatu, sio mimi. Pamba, mimi hiyo, siku hiyo foleni ilifika mlangoni. Mwenzake akija, alitia sahihi mistari yake na kurudi dirishani kwa wauguzi. Wanawake wawili wakabaki na rundo la karatasi kati yao, na mvuke ukivuma upande wa pili wa ukuta.

Siku ya tatu kalamu ya Bi Kitufe ikaisha wino katikati ya jina lake. Akaitikisa, akaipulizia pumzi, akakwaruza nayo pembeni ya karatasi. Hakikutoka kitu. Akaifungua kutoka kwenye uzi, akasukuma kiti nyuma na kusema anakwenda kununua nyingine nje ya geti, hatakawia.

"Kaa," Shangazi alisema.

Akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Sijamaliza kukukasirikia," Shangazi aliendelea, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Nitakapomaliza utajua. Lakini tuna mistari mia mbili leo, na gari langu halinisubiri. Chukua hii yangu. Ni moja, tutapokezana."

Akaisukuma kalamu juu ya meza, ikabingirika, ikasimama kwenye kikombe chenye mfuniko. Bi Kitufe aliiangalia kwa muda mrefu kuliko kalamu inavyostahili kuangaliwa. Kisha akarudi, akakaa, akaichukua. Akamalizia jina lake, akairudisha kwa Shangazi.

Mstari uliofuata ulikuwa wa dripu.